Swali Linalofaa Kuulizwa Hadharani

Jumuiya za maswali na majibu zilizoenea katika intaneti tangu mwanzoni mwa karne hii zimejengwa juu ya mpango unaoonekana mwepesi: mtu asiyejulikana anauliza, watu asiowafahamu wanajibu, na maandishi ya pande zote mbili yanabaki hadharani ili wengine wayasome miaka mingi baada ya muulizaji kutatua shida yake au kuisahau. Mpango huo umezusha tatizo ambalo barazani halionekani kwa urahisi, kwa kuwa barazani mjibu anamjua muulizaji, anamwona usoni, na anaweza kumrudishia swali papo hapo hadi maana yake ieleweke. Mtandaoni yako maswali mengi ya kweli, yanayomuumiza kichwa mwenye kuyauliza, ambayo hayajibiki; mengine hupata majibu ishirini yasiyokutana popote; mengine hufungwa na wasimamizi, na aliyefungiwa swali lake huondoka akiamini kuwa amedharauliwa. Sababu hutafutwa mara nyingi katika mada, kana kwamba ziko mada za heshima na mada za ovyo, au katika kiwango cha elimu cha muulizaji. Uchunguzi wa karibu unaonyesha kuwa kufaa kwa swali ni suala la uhusiano wa watu watatu, yaani muulizaji, mjibu na msomaji atakayefika baadaye, na kwamba kipimo kinachowaunganisha ni kimoja: je, watu wasiojuana wanaweza kukubaliana, hata kabla ya jibu kutolewa, ni kitu gani kitakachohesabiwa kuwa jibu?

Kipimo hicho kina mizizi katika mantiki ya maswali, tawi la falsafa linalochunguza mtu anafanya nini hasa anapouliza. Mwanafalsafa wa Australia Charles Hamblin, katika makala aliyoichapisha mwaka 1958, alipendekeza kwamba kulijua swali ni kujua ni kauli zipi zinazoweza kulijibu. Kwa mtazamo huo, sentensi haiwi swali kwa sababu tu imemalizika kwa alama ya kuuliza. Kitendawili hutegwa na mtu mwenye jibu tayari, naye hulitoa baada ya kupewa mji, mwalimu darasani huuliza ili kupima, "habari za nyumbani?" husubiri "nzuri" hata pale nyumba inapovuja. Aina iliyojaa zaidi mtandaoni ni lalamiko lililovikwa umbo la swali, kwa mfano "Kwa nini kampuni za simu zinatuibia vifurushi?", ambalo limebeba dhana tangulizi, yaani jambo ambalo muulizaji amelichukulia kuwa kweli kabla hajauliza, na ambalo mjibu hawezi kusonga mbele bila kulikubali au kuligombania. Lalamiko lina haki yake, na huenda likawa la kweli, lakini anayelijibu hana namna ya kujua kwamba amelijibu. Lingeweza kugeuzwa: je, matumizi ya data yanayoonyeshwa na simu yenyewe yanapaswa kulingana na yale yanayokatwa na kampuni, na yakitofautiana, ni mambo gani husababisha tofauti hiyo? Hapo fundi wa mitandao anapata pa kushika, na mlalamikaji mwenyewe anapata silaha nzuri zaidi ya lalamiko lake.

Wazo kwamba si kila swali linastahili kujadiliwa lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika kitabu cha kwanza cha Topika, Aristotle alisema kuwa mtu anayetilia shaka kama miungu iheshimiwe na wazazi wapendwe anahitaji adhabu, na anayetilia shaka kama theluji ni nyeupe anahitaji kufumbua macho, kwa hiyo wote wawili hawana haja ya hoja. Kisha akaongeza kwamba hazifai kujadiliwa mada ambazo uthibitisho wake uko karibu mno wala zile ambazo uthibitisho wake uko mbali mno. Suala la adhabu linaweza kuachwa na zama zake. Umbali wa uthibitisho, kinyume chake, umebaki kuwa kigezo hai, ila umbali huo hupimwa kutoka pale alipoketi mjibu. Mwaka 2009 wanahisabati vijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha MathOverflow kwa ajili ya maswali ya kiwango cha utafiti, na humo swali la kawaida la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huondolewa kwa kuwa jibu lake liko karibu mno. Swali hilo hilo hupokewa vizuri katika jumuiya jirani ya hisabati inayokaribisha wanaojifunza. Hakuna kilichobadilika ndani ya swali. Kilichobadilika ni hadhara.

Kuhusu namna swali la mtu mmoja linavyoweza kugeuzwa kuwa mali ya wengi, wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana mfano ulio karibu nao, nao ni utaratibu wa fatwa. Kadhi huamua baina ya watu waliosimama mbele yake, husikiliza mashahidi na huchunguza kama yaliyodaiwa yalitokea kweli, na hukumu yake huwafunga watu hao. Mufti hufanya kazi nyingine: hulijibu swali kama lilivyoelezwa, bila kuthibitisha matukio, na jibu lake humfaa yeyote aliye katika hali iliyotajwa. Kwa sababu hiyo ubora wa fatwa hutegemea sana namna swali lilivyoandikwa. Katika Dola ya Uthmaniya, ambako Ebussuud Efendi alikuwa Sheikh al-Islam, yaani mufti mkuu, kuanzia 1545 hadi 1574, maswali ya wananchi yalipitia kwanza kwa makarani walioyaandika upya. Majina ya kweli yaliondolewa na mahali pake pakawekwa Zaid, Amri na Hind, mambo yasiyogusa hukumu yakafutwa, na kilichosalia kikawa swali fupi linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Jarida la al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na kuendeshwa na Rashid Rida, lilihamishia desturi hiyo katika uchapishaji kwa kuchapa maswali ya wasomaji pamoja na majibu yake, na mawazo yake yalimwathiri Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye katika miaka ya 1930 alitoa magazeti yake mwenyewe, Sahifa na baadaye Al-Islah. Katika mapokeo hayo yote mtu anaondolewa ndani ya swali na hali yake inabakizwa, na kazi ya kuliandika upya swali haihesabiwi kuwa dharau kwa aliyelileta.

Ulaya nayo ilikuwa na njia zake. London mwaka 1691 John Dunton alianza kutoa gazeti la Athenian Mercury, lililojibu maswali ya wasomaji wasiotajwa majina, na mwaka 1849 William John Thoms alianzisha Notes and Queries, ambamo wasomaji walijibizana wao kwa wao kuhusu historia, lugha na mila. Usenet, mtandao wa majadiliano uliozaliwa katika vyuo vikuu vya Marekani kuanzia 1979, uliongeza somo moja: wageni waliuliza mambo yale yale kila mara, wenyeji wakachoka, ndipo zikatungwa orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara ambazo mgeni alitakiwa kuzisoma kwanza.

Jaribio lililochunguzwa zaidi katika zama hizi ni Stack Overflow, jumuiya ya waandishi wa programu za kompyuta iliyofunguliwa Septemba 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Waanzilishi hao walieleza wazi jambo ambalo majukwaa ya awali hayakulisema: kwamba kumsaidia muulizaji ni sehemu tu ya lengo, na kwamba lengo kubwa ni kujenga hazina ya majibu kwa watu watakaokuja baadaye kupitia injini za kutafutia, ambao hawataandika neno lolote wala kuaga. Kanuni nyingine zote zilifuata kutoka hapo. Swali lihusu tatizo halisi linalomkabili muulizaji, liwe moja, lieleweke bila kumhoji aliyelileta, liweze kujibiwa badala ya kubishaniwa, na likiwa limekwisha kujibiwa kwingine, liunganishwe na lile la awali. Mwanajumuiya mwingine anaruhusiwa kulihariri, wasomaji hupiga kura za kulipandisha au kulishusha, na lisilotimiza masharti hufungwa hadi lirekebishwe. Kwa maswali ya hitilafu, muulizaji hutakiwa pia kutoa mfano mdogo unaojirudia, yaani kipande kifupi kabisa cha msimbo, ambao ni maandishi ya programu, kinachoweza kumletea mtu mwingine kosa lile lile katika kompyuta yake.

Nguvu ya masharti hayo inaonekana vizuri katika swali lililoulizwa humo Juni 2012, ambalo ni miongoni mwa yaliyopata kura nyingi zaidi katika historia ya jumuiya hiyo. Muulizaji alikuwa na programu iliyojaza safu ya namba za kubahatisha kati ya 0 na 255, kisha ikarudia mara nyingi kujumlisha zile tu zilizofika 128 au zaidi. Aligundua kwamba safu ikipangwa kwanza kutoka ndogo hadi kubwa, hesabu hiyo hiyo inakwenda kasi karibu mara sita: sekunde 11.54 bila kupanga, sekunde 1.93 baada ya kupanga. Alibandika msimbo wote, ambao haukuzidi ukurasa mmoja wa daftari, alitoa vipimo, alijaribu kwa lugha nyingine ya programu akaona jambo linalofanana, alitaja dhana yake ya kwanza, kwamba huenda kupanga kulisogeza namba katika kumbukumbu ya karibu ya prosesa, na papo hapo akaonyesha kwa nini dhana hiyo haitoshi, kwa kuwa safu ilikuwa imetengenezwa muda mfupi tu uliopita. Kisha akauliza: kinachotokea ni nini?

Jibu lililopendwa lilieleza kwamba prosesa za kisasa hazisubiri kujua kama sharti limetimia, bali hubashiri njia ambayo programu itafuata na kuanza kazi mapema, na zikikosea hulazimika kurudi nyuma. Mjibu alitumia mfano wa mwongoza reli wa karne ya 19 anayepaswa kuamua njiapanda itazamishwe upande gani kabla treni haijafika. Namba zikiwa zimepangwa, ubashiri hukosewa mara chache mno. Zikiwa zimevurugika, hukosewa karibu nusu ya safari. Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba jibu hilo liliweza kupimwa: mjibu aliandika upya msimbo ili usiwe na sharti la kubashiriwa, na tofauti ya kasi ikatoweka. Swali lilikuwa finyu katika vielelezo vyake na pana katika faida yake, na upana huo haukutokana na muulizaji kuuliza "prosesa hufanyaje kazi?", swali ambalo lingehitaji kitabu kizima na ambalo hakuna angeweza kusema limemalizika.

Aidha, muulizaji yule hakujua kwamba kuna kitu kinachoitwa ubashiri wa njia. Hilo linagusa fumbo la kale lililomo katika Meno, majadiliano ya Plato, ambamo Meno anamuuliza Sokrates mtu atatafutaje kitu asichokijua kabisa, na hata akikikuta atatambuaje kuwa ndicho. Swali la mwaka 2012 linaonyesha njia ya kutokea: si lazima muulizaji ajue jina la jambo, mradi ajue kwa usahihi ni wapi ujuzi wake unapoishia na ni kitu gani alichokiona kinachopingana nao. Anayeeleza alichotarajia na kilichotokea badala yake amekwisha kumpunguzia mjibu nusu ya kazi. Wenye uzoefu wa majukwaa ya kiufundi wanalijua pia kosa la upande wa pili, ambalo hulipa jina la tatizo la X na Y: mtu ana haja ya X, anadhani Y ndiyo njia ya kuipata, basi anauliza kuhusu Y peke yake. Mfano unaotajwa sana ni wa mtu anayeuliza namna ya kupata herufi tatu za mwisho za jina la faili, kumbe anachotaka ni kujua aina ya faili, na viambishi vya aina za faili si vyote vyenye herufi tatu. Jibu sahihi la swali lake litamharibia kazi.

Kosa hilo haliko kwenye kompyuta tu. Mkulima akiuliza, "Mahindi yangu yanakuwa ya njano, nipulizie dawa gani?", amekwisha kuamua kwamba tiba ni dawa. Ikiwa majani ya chini ndiyo yanayogeuka njano, kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, mtaalamu atashuku upungufu wa naitrojeni na kuuliza kuhusu mbolea ya kukuzia. Ikiwa majani ya moyoni yametobolewa na kuna kinyesi kama unga wa mbao, atashuku viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania na Kenya mwaka uliofuata, na ambao hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kwa umbo la mraba karibu na mkia. Swali linalofaa lingetaja umri wa mahindi kwa wiki, mbolea iliyotiwa na lini, hali ya mvua, ni majani yapi yaliyoanza, na lingeambatana na picha ya jani upande wa juu na wa chini. Maelezo hayo hayahitaji shahada ya kilimo. Yanahitaji mtu kutazama shamba kwa dakika kumi kabla ya kushika simu, na hapo pengine ndipo thamani kubwa ya masharti ya kuuliza ilipo: maswali mengi hujibika yenyewe wakati yanapoandikwa vizuri, wala hayatumwi.

Upana wa swali huleta ugumu wa aina nyingine pale jibu linapotegemea mahali. "Je, inaruhusiwa kununua ardhi isiyo na hati?" ni sentensi fasaha ya Kiswahili, inayoeleweka kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, na kwa sababu hiyo hiyo inapotosha. Tanzania Bara ardhi ya mijini husimamiwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na ardhi ya vijiji husimamiwa na sheria nyingine, Na. 5 ya mwaka huo huo, inayotambua hakimiliki ya kimila na kuipa halmashauri ya kijiji mamlaka yake. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya 2012. Muulizaji asiyetaja yuko wapi atapata majibu manne yote ya kweli, na lolote kati ya hayo laweza kumpotezea akiba ya maisha. Kiswahili, kwa kuwa lugha ya nchi nyingi, kinamtaka muulizaji wake awe mwangalifu zaidi katika jambo hili kuliko lugha ya nchi moja inavyomtaka wa kwake.

Kuna kundi la maswali ambalo jumuiya nyingi hulikataa haraka mno, nalo ni la maswali ya maoni. Mwaka 2010 Robert Cartaino wa Stack Exchange, mtandao uliokua kutoka Stack Overflow, aliandika mwongozo uliotenganisha maswali mazuri na mabaya ya kimaoni: mazuri huvuta majibu yanayoeleza kwa nini na kwa vipi, hudai uzoefu kuliko hisia, na hutaka maoni yategemezwe na ushahidi. Mgawanyo huo ni wa busara, na unaweza kupanuliwa. Swali la ladha, kama "Nani mshairi bora, Muyaka au Shaaban Robert?", halina msingi wa kukubaliana, ingawa ni burudani nzuri ya jioni. Swali la ukweli, kama mwaka ambao Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa, lina jibu moja, 1940, nalo linamalizika hapo. Kati ya aina hizo mbili kuna maswali ya uamuzi wa kitaalamu, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Tungo za Muyaka bin Haji zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua na William Taylor, muda mrefu baada ya mshairi kufariki, na nyingi zilikuwa zimehifadhiwa vichwani mwa watu; kwa hiyo kuuliza ni ushahidi gani unaofanya shairi fulani linasibishwe naye ni kuuliza jambo ambalo wataalamu wawili wanaweza kutofautiana juu yake na bado wote wawili wakawa wamejibu, kwani msomaji anaweza kuzipima hoja zao. Kulifunga swali kama hilo kwa kisingizio cha maoni ni uvivu wa msimamizi.

Kuhusu maswali rudufu, yaani yanayorudia lililokwisha kuulizwa, lawama kwa muulizaji kwa kawaida imezidi kiasi. Mtu asiyejua jina la jambo hawezi kulitafuta kwa jina hilo, na swali lake lililoandikwa kwa maneno ya kawaida huwa kielekezi kwa wengine watakaotafuta kwa maneno hayo hayo. Kuliunganisha na la awali kunatosha; kumkaripia aliyelileta hakuongezi kitu.

Mpaka mgumu zaidi uko pale swali linapobeba mtu. Mgonjwa anayeeleza dalili zake na kuuliza ana ugonjwa gani anawaomba wageni wafanye kazi isiyoweza kufanyika bila kumgusa na kumpima, na anaacha siri ya mwili wake mahali pasipofutika. Kama shida ni ya haraka, jibu litafika akiwa amechelewa. Swali la jinsi dawa fulani inavyofanya kazi mwilini, au kwa nini dozi ya antibayotiki humalizwa hata mtu akijisikia nafuu, linafaa kabisa na linamsaidia mgonjwa huyo huyo. Vivyo hivyo maswali yanayotaja jirani, mwajiri au mtalaka kwa jina huomba hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Makarani wa Ebussuud walikuwa wamelitatua hili kwa Zaid na Amri.

Hata hivyo, kipimo kilichoelezwa hapa kina gharama, na si haki kuinyamazia. Aprili 2018 Stack Overflow wenyewe walikiri hadharani kwamba jumuiya yao ilikuwa imekosa ukarimu, hasa kwa wanaoanza na kwa makundi yaliyozoea kutengwa. Anayeanza ndiye mwenye maswali mengi na ndiye asiyejua kuyaunda, kwa hiyo masharti yaliyowekwa ili kuwalinda wajibu na wasomaji wa baadaye humwangukia yeye kwanza. Mzigo huongezeka kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili: mtandao huo una matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani, lakini hauna la Kiswahili, na kijana wa Mbeya anayejifunza programu hulazimika kuitafsiri shida yake kabla ya kuieleza, kisha huhukumiwa kwa udhaifu wa Kiingereza chake.

Suala la adabu nalo linahitaji kutazamwa kwa jicho la wenyeji. Katika Stack Overflow salamu na shukrani hufutwa na wahariri kwa kuwa haziongezi maarifa kwa msomaji wa baadaye. Katika majukwaa ya Kiswahili, JamiiForums likiwa maarufu zaidi nchini Tanzania, mleta mada huanza kwa "Wakuu, habari zenu" au "Wadau, naombeni msaada", na maneno hayo yana kazi: yanamweka muulizaji katika nafasi ya anayeomba na kuwapa wachangiaji sababu ya kutumia muda wao kwa mtu wasiyemjua. Kuyafuta ni kuondoa malipo pekee wanayopata. Shida huanza pale yanapopanda hadi kichwani mwa uzi, ambako "Naombeni msaada wakuu" huwa ndicho kichwa kizima, na mjuzi wa ardhi, wa magari au wa mahindi hana namna ya kujua kwamba ndiye anayeitwa. Salamu ikae mwilini mwa swali, na kichwa kibebe jambo lenyewe. Kwa mpango huo hakuna upande unaopoteza.

Majaribio yaliyokwenda njia nyingine yanasaidia kuona kilichomo na kilichokosekana. Google Answers, iliyoanza 2002, ilimtaka muulizaji alipe, ikapata majibu yenye utafiti mzuri lakini maswali machache, na ilifungwa kwa maswali mapya mwaka 2006. Yahoo! Answers, iliyofunguliwa 2005, ilimkaribisha kila mtu na kila swali, ikajaa utani, upweke, kazi za shule na mashauri ya mapenzi, hadi ilipozimwa Mei 2021. Wengi waliicheka. Lakini mtu anayeuliza saa nane za usiku kama wengine pia huogopa kurudi nyumbani hahitaji hazina ya maarifa; anahitaji kujibiwa na binadamu, na kulitupa swali lake kwa kuwa halitamfaa msomaji wa mwaka kesho ni kutumia kipimo sahihi mahali pasipo pake.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, hesabu yote imeanza kubadilika. Siku chache baadaye Stack Overflow ilipiga marufuku kwa muda majibu yaliyotungwa na programu hiyo, kwa kuwa yalionekana sahihi na mara nyingi hayakuwa hivyo, na katika miaka iliyofuata idadi ya maswali mapya yanayoulizwa humo imeporomoka. Akili mnemba humvumilia muulizaji asiyejua kuuliza, humrudishia maswali bila kumkaripia, na huweza kugundua kwamba anauliza Y akitaka X. Kwa anayeanza, hayo ni mafanikio ya kweli. Ila mazungumzo hayo hufanyika faraghani, msomaji wa tatu hayumo, na kosa la mjibu halikutani na mtu wa kulipinga. Tena, mashine hujibu kutokana na yaliyokwisha kuandikwa, ambayo sehemu yake kubwa katika fani ya programu ilitoka katika jumuiya hizo hizo. Maswali yanayobaki kuwa ya lazima kwa hadhara ya watu ni yale yanayohitaji shahidi: aliyekuwepo, aliyejaribu, aliyeona matokeo kwa macho yake. Mkulima anayetaka kujua kama waliopanda mbegu ya muda mfupi katika kata yake, msimu ambao mvua za vuli zilikatika mapema, walivuna au hawakuvuna, ameuliza swali lenye jibu, linaloweza kusahihishwa na mwenye shamba la pili, na ambalo kwa sehemu nyingi za nchi hakuna aliyewahi kuliandikia jibu.